Barafu Juu ya Kunduchi: Kisa cha Rubani Mwanafunzi na Injini Iliyoishiwa Nguvu

Asubuhi moja ya Mei, masika yakiwa ukingoni, mwanafunzi wa urubani aliruka peke yake kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ratiba yake haikuwa na makubwa: kuruka kwa mwendo mdogo, kukata kona, kushuka kwa nguvu kidogo, kisha kurudi. Alirudi, ndiyo, lakini magari ya zimamoto yalikuwa yamejipanga pembeni ya njia ya kurukia yakimsubiri. Hakuumia, ndege haikupata hata mkwaruzo, na fundi alipoifungua injini hakukuta kasoro.

Wengi pale chuoni waliishia hapo: injini ilisumbua, ikatulia, Mungu mkubwa. Mimi hufundisha darasani, si angani, na kwangu hilo la fundi kutokuta kitu ndilo lenye uzito kuliko yote. Nilikaa na binti huyo pamoja na mkufunzi wake, tukaipitia safari kipande kwa kipande. Amekubali niandike, mradi jina lake nisilitaje.

Ilivyokuwa

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na kulipokucha bado kulikuwa na madimbwi kwenye maegesho ya ndege. Ripoti ya hali ya hewa ya uwanja ilitoa joto la nyuzi 26 na kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji) nyuzi 24, upepo hafifu. Aliisoma, akainakili kwenye karatasi anayoifunga pajani, akaenda kukagua ndege.

Mazoezi aliyafanyia kaskazini ya jiji, kwenye futi 3500, na sehemu kubwa ya muda huo injini ilikuwa kwenye nguvu ndogo. Kisha akashuka hadi futi 2000, nguvu bado ikiwa ndogo, kishikio cha joto la kabureta kikiwa ndani, yaani kimefungwa. Kabureta ndipo petroli inapochanganyika na hewa, na kishikio hicho huipelekea hewa ya moto. Alikuwa juu ya bahari, kama kilomita mbili kutoka ufuoni, akielekea kusini. Mbweni ilikuwa imeshabaki nyuma, Kunduchi iko mbele upande wa kulia.

Aliisawazisha ndege, akaweka mizunguko 2300 ya injini kwa dakika. Baada ya muda akaona sindano iko 2150. Akasukuma kishikio cha nguvu kidogo, ikapanda, akaendelea kutazama nje. Alipoirudia sindano ilikuwa 2100. Akasukuma tena. Safari ya tatu ndege ilianza kutetemeka, na anasema mtetemo aliusikia kwenye nyayo kabla ya kuusikia masikioni.

Akavuta kishikio cha joto. Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Mizunguko ikaporomoka hadi 1800, injini ikakohoa, vioo vya saa za mbele vikawa vinagonga. Akakirudisha ndani upesi. Mtetemo ukapungua, naye akashusha pumzi, ingawa ndege sasa ilikuwa haiwezi kubaki kwenye futi zake.

Akainamisha pua, akashika kasi ya noti 65 (maili za baharini kwa saa), ambayo ndiyo kasi ya kuteleza mbali zaidi kwa ndege ile, akageukia nchi kavu. Akaipita orodha kichwani. Mafuta: swichi iko kwenye matangi yote mawili. Mchanganyiko wa mafuta na hewa: ndani kabisa. Magneto, zinazotoa umeme wa plagi: zote mbili. Joto la kabureta: nimeshafanya. Akaita mnara, akatangaza PAN-PAN, wito wa redio wa tatizo la haraka, ulio chini ya ule wa hatari kubwa, MAYDAY.

Muongoza ndege akamjibu kwa utulivu na kuanza kuuliza: uko wapi, futi ngapi, watu wangapi, una mafuta ya muda gani. Akijibu, akairudia orodha mara ya pili, safari hii kwa kugusa kila kitu kwa mkono kama mkufunzi wake anavyosisitiza. Mkono ulipofika kwenye kishikio cha joto ukakikuta ndani. Akakivuta mpaka mwisho, akasukuma nguvu yote. Injini ikapiga kelele mbaya kuliko mara ya kwanza. Lakini mnara ulikuwa unaongea, mkono wa kushoto umeshika usukani, wa kulia unazungusha transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kuweka 7700, namba ya dharura, basi kishikio kikabaki nje kwa sababu hakukuwa na mkono wa kukirudisha.

Kwenye futi 1200 sindano ilianza kupanda. Ilipita 2300 ikaendelea. Alipanda polepole, akaliacha joto wazi, akapewa kutua moja kwa moja.

Barafu, Dar?

Swali hili niliulizwa na watu wazima wenye leseni. Kwenye mji ambao watu wanalala na feni na bado wanaamka wamelowa, nani ataamini injini imezibwa na barafu?

Mwangalie mama lishe anapowasha jiko kubwa kwa muda mrefu: mtungi wa gesi hutoka jasho kwa nje na ukiugusa ni baridi, hata kama barazani pale watu wanahema. Gesi inapotoka katika hali ya kimiminika huchukua joto la kila kilicho karibu. Petroli ndani ya kabureta hufanya hivyohivyo inapogeuka mvuke, na hewa inayopita kwenye koo jembamba la kabureta nayo hupoa. Vikijumlishwa, joto mle ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 20 hadi 30. Toa hizo kwenye 26 uone unabaki na nini. Sasa ongeza unyevu. Umande nyuzi 24 dhidi ya joto nyuzi 26 maana yake hewa imekaribia kushiba maji. Maji hayo huganda kwenye kile kizibo kinachofunguka na kufunga njia ya hewa, na nguvu ikiwa ndogo kizibo kinakuwa kimekaribia kufunga, kwa hiyo barafu kidogo tu inatosha.

Mamlaka za anga za Uingereza na Marekani huchapisha chati yenye joto upande mmoja na umande upande mwingine. Ukiweka 26 na 24 unaangukia kwenye eneo la barafu kali kwa injini iliyopunguzwa nguvu. Huko Ulaya wenzetu huona barafu kwenye mabawa wakakumbuka kabureta. Sisi hatuna kitu cha kutukumbusha. Pwani yetu, hasa asubuhi baada ya mvua, inafaa sana kwa barafu ya aina hii, na bado ni nadra kumsikia mwanafunzi akiitaja kabla ya kuruka.

Kuna jambo jingine linalochangia usahaulifu. Cessna ilisimamisha kutengeneza 172 mwaka 1986, na ilipoanza tena mwaka 1996 injini mpya zilikuwa za kupuliza mafuta moja kwa moja, hazina kabureta wala kishikio cha joto. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye hizo kisha akahamishiwa ya zamani anakikuta kishikio ambacho mkono wake haujawahi kukizoea.

Na fundi hakukuta kitu kwa sababu hakukuwa na kitu tena. Barafu huyeyuka. Ndege ingeanguka Kunduchi, hadi watu wafike kabureta ingekuwa kavu, na watu wangebaki kusema injini ilizima bila sababu.

Zile sekunde chache

Tulipofika hapa kwenye mazungumzo nilimuuliza, "Ulipokivuta, ulitegemea nini?"

"Nilitegemea iwe nafuu, mwalimu."

"Palepale?"

"Palepale. Ilipozidi nikajua nimegusa kisichohusika."

Hapa ndipo kisa kilipo, na ningependa nikae kidogo.

Kishikio cha joto kinaleta hewa iliyopashwa moto na ekzosi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yanakuwa mengi kupita kiasi kwa hewa iliyopo na nguvu inapungua. Wakati huohuo barafu inaanza kuyeyuka, na maji yake yanapita palepale, ndani ya injini. Injini inayomeza maji haiwezi kunyamaza. Hali hiyo inaweza kuchukua nusu dakika, inaweza kuchukua dakika kadhaa, kutegemea barafu ilivyokuwa nene. Ndiyo kusema kwamba dawa ikifanya kazi, mgonjwa anazidiwa kwanza. Ukikirudisha ndani unasikia nafuu, lakini ni nafuu ya uongo: umezuia maji yasiingie kwa kuacha barafu mahali pake. Na kama injini ingezima kabisa, ekzosi ingepoa na joto lenyewe lisingekuwepo tena la kuvuta.

Binti huyu alijua jibu. Mtihani wa kuandika alishapasi, na swali la dalili za barafu alilipata. Kwa nini basi mkono ulikirudisha?

Tulizunguka sana na swali hilo mpaka mkufunzi wake akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kila asubuhi kabla ya kuruka, rubani hupandisha injini hadi mizunguko 1700 na kufanya majaribio. Mojawapo ni kuvuta kishikio cha joto: sindano inashuka kidogo, unatikisa kichwa kwamba inafanya kazi, unakirudisha ndani, sindano inapanda. Sekunde chache tu. Kwa hiyo zoezi pekee ambalo mkono wake umelifanya na kishikio kile, siku baada ya siku, ni vuta, ona inashuka, rudisha. Siku ya hatari mkono ulifanya kile ulichofundishwa. Sisi ndio tuliufundisha.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo maandalizi mengi ya dharura yanapovuja. Tunamkaririsha mwanafunzi cha kufanya, naye anakariri vizuri. Nimewasikia wakijisomea orodha ndani ya basi la mwendokasi, midomo ikicheza, abiria wa pembeni wakidhani ni dua. Hatumwambii kitakachofuata baada ya kufanya. Anaingia angani na nusu ya kwanza ya jibu, na nusu ya pili inamkuta mgeni.

Orodha nayo ina mtego wake. Aliposema "nimeshafanya" hakudanganya. Kitendo kilishafanyika, hata kama kilishatenguliwa, na orodha ya kichwani haiulizi kishikio kiko wapi sasa hivi. Kilichomwokoa ni ile tabia ya kugusa. Jicho linaweza kupita juu ya kitu likakiona kama ulivyotaka kiwe. Mkono ni mgumu kudanganyika.

Halafu kuna yale ya mwanzo kabisa, sindano iliyokuwa ikiteremka bila kelele. Injini inayopoteza nguvu kidogokidogo inakupa nafasi ya kufikiri, na katika ndege yenye pangaboi lisilobadilika pembe sindano ya mizunguko ndiyo shahidi wa kwanza. Ikikatika ghafla, fikiria mafuta au umeme wa plagi. Shinikizo la oili likishuka, fikiria chuma kimevunjika na tafuta mahali pa kutua. Ikinyong'onyea taratibu, asubuhi yenye unyevu, baada ya kushuka kwa nguvu ndogo, jina lake linajulikana. Kusukuma kishikio cha nguvu kulifuta dalili mara mbili bila kugusa chanzo. Kitabu cha ndege hiyo kinataka nguvu yote pamoja na joto lote, joto likae mpaka injini ilainike. Nusunusu haifai.

Ufuo ambao haukuwepo

Nilimuuliza angetua wapi. Alijibu bila kusita: ufukweni, Kunduchi, anapafahamu, mchanga ni mgumu na mpana. Ni kweli, Jumapili alikuwa amepita pale kwa miguu. Ila Jumapili alipita maji yamekupwa. Asubuhi ya kisa hiki maji yalikuwa yamejaa, tena ilikuwa siku za bamvua, ambapo kwenye pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Ufuo aliokuwa akiuelekea kwa noti 65 ulikuwa utepe chini ya kuta za nyumba, na pale ulipobaki mpana kidogo kulikuwa na mitumbwi na watu.

Mvuvi yeyote wa Dar hatoki bila kujua maji yamesimamaje. Rubani mwanafunzi anayefanyia mazoezi pwani ana sababu hiyohiyo, na sijawahi kuona chuo kikiweka jedwali la maji kwenye ukuta wa chumba cha maandalizi.

Mbadala wake ulikuwa nini? Mashamba ya chumvi yanavutia ukiwa juu, yamelala tambarare yanang'aa, lakini yamekatwa kwa matuta, na gurudumu la mbele likikita kwenye tuta ndege inapinduka. Barabara ya Bagamoyo ina nyaya, bodaboda na daladala. Ningemshauri maji mafupi karibu kabisa na ufuo, sambamba na mawimbi, kwa mwendo mdogo kadiri ndege inavyokubali, milango ikiwa imefunguliwa komeo kabla ya kugusa maji ili fremu ikipinda isiwafungie ndani. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa mara nyingi hupinduka ikigusa maji. Jaketi la kuelea livaliwe kabla ya kuruka, lijazwe upepo ukishatoka nje, usije ukabanwa na dari.

Ndege ile bila injini inateleza takriban maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1000 kama hewa imetulia. Kwenye futi 2000 hiyo ni maili 3, au kilomita tano na nusu hivi. Alikuwa kilomita mbili kutoka nchi kavu, kwa hiyo hesabu ilimruhusu. Kama angekuwa katikati ya njia ya kwenda Zanzibar kwa futi hizohizo, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, na ni jambo la kushangaza jinsi wanafunzi wanavyoshikilia futi 2000 kana kwamba juu yake kuna kodi.

Redio

Kwa nini PAN-PAN na si MAYDAY? Injini moja, inakufa, juu ya bahari. Alikiri kwamba aliona aibu. Kulikuwa na ndege kubwa mbili zinakuja, na yeye ni mtoto wa shule mwenye kindege cha viti vinne, angewasumbuaje wakubwa? Malezi yetu ya heshima ni mazuri mezani na ukweni. Kwenye redio yanaweza kukuua. Muongoza ndege hapungukiwi na kitu akiambiwa MAYDAY kisha ikafutwa baada ya dakika mbili.

Lugha nayo. Hofu ilimjia kwa Kiswahili, na redio ilimtaka aseme kwa Kiingereza. Alipoulizwa mafuta yamebaki ya muda gani alipotea kabisa kwenye hesabu, wakati jibu halali lilikuwa kumwambia mnara usubiri. Sasa ana kadi pajani yenye maneno ya dharura yameandikwa kamili, nafasi za kujaza zikiwa wazi. Ni kitu kidogo ambacho kila mwanafunzi anaweza kukifanya leo.

Walichobadilisha

Mkufunzi hakumrudisha darasani, na nilikubaliana naye. Walipanda pamoja hadi futi 3500, juu ya nchi kavu, akamwambia avute joto na asikiguse kishikio kwa dakika nzima, huku akisema kwa sauti anachokiona: imeshuka, imetulia, inangoja. Kabla ya hapo walikaa kwenye ndege iliyoegeshwa, injini imezimwa, mkufunzi akiigiza kukohoa kwa injini kwa bidii kiasi kwamba mafundi walikuja kuchungulia.

Majaribio ya asubuhi pia wameyarekebisha. Joto linavutwa, wanasubiri, na sindano ikirudi juu zaidi ya ilipoanzia wanajua barafu ilikuwepo hata pale chini. Hawaliachi joto wazi muda mrefu wakiwa kwenye vumbi, maana hewa ile haipiti kwenye kichujio. Na sasa nambari mbili za ripoti ya hali ya hewa zinapigwa mstari, zikikaribiana anaandika kando yake neno "joto".

Jambo moja halijaisha kati yao. Binti sasa anataka kuliacha joto wazi mpaka magurudumu yaguse chini. Mkufunzi anataka lizimwe akikaribia kutua, kwa kuwa akilazimika kughairi kutua atahitaji nguvu yote, na hewa ya moto inaila nguvu hiyo. Kitabu cha ndege kinasema liwashwe kabla ya kupunguza nguvu na lizimwe pale unapoghairi. Kwa hiyo walikwenda kufanya zoezi hilo tu, mkono mmoja ukisukuma vishikio viwili kwa mpigo. Mara za kwanza alisukuma cha nguvu, cha joto akakisahau nje.